Sauti Iliyonaswa ni Mali ya Nani?

Walimu wenzetu, na ninyi wanafunzi wa Kiswahili popote mlipo, swali tunalotaka kulijadili katika kurasa hizi limetujia kwa njia ambayo hatukuitarajia. Halikutoka kitabuni. Lilitoka mfukoni mwa mwanafunzi.

Sisi tufundishao upande wa magharibi wa Mlima Elgon, ambao Wagisu huuita Masaba, tuna desturi ya kuwapa wanafunzi wetu kazi ya likizo. Kila mmoja hutakiwa amwendee mzee wa kwao, amwombe wazungumze kwa lugha ya nyumbani, ayanase mazungumzo hayo, kisha ayatafsiri kwa Kiswahili sanifu na kuyasoma mbele ya darasa. Tuliianzisha kazi hii kwa nia mbili: kwanza, wanafunzi wazoee kutafsiri, pili, maneno ya wazee yasizikwe pamoja na wazee. Kwa muda mrefu hatukuona ubaya wowote ndani yake.

Mwaka mmoja kijana alituletea mazungumzo aliyoyanasa kwa simu ya mkononi, baina yake na bibi yake mzaa mama. Yalikuwa mazungumzo mazuri mno. Bibi alisimulia njaa ya utotoni mwake, alisimulia ndoa yake, aliimba, alicheka, na mara kwa mara alimtania mjukuu kwa kumwita ‘mume wangu’, kama ilivyo ada baina ya bibi na mjukuu. Kisha akafikia maneno yanayosemwa na mwanamke mkubwa wa nyumba pale mtoto anapotoka kwao kwenda kuanza maisha yake. Hapo akanyamaza. Akasema, “Hicho chombo chako kizime kwanza.” Kijana akajibu, “Nimekizima, bibi.” Hakukizima. Bibi akayasema yale maneno polepole, na mkono wake, kwa jinsi kijana alivyotueleza, ulikuwa juu ya kichwa chake. Miezi miwili baadaye bibi akafariki dunia.

Kijana hakutuficha jambo. Alikuja katika chumba cha walimu, akatuambia alivyofanya, akauliza: Je, niwasomee wenzangu mazungumzo yote, au niishie pale bibi aliponyamaza? Tulidhani tutampa jibu siku ile ile. Tukabishana muhula mzima.

Ubishi wetu ulikuwa na maswali mawili ndani yake. La kwanza: maana ya maneno kama yale hukaa wapi? Je, imo katika maneno yenyewe, hata tukiyanasa tumeinasa, au imo baina ya watu wawili, mkono ukiwa kichwani? La pili: sauti ikishanaswa, ni mali ya nani? Tumeona kwamba jibu la swali la pili hutegemea jibu la kwanza. Kwa hiyo tutaanza na la kwanza, na tutaanzia hapa hapa mlimani kwetu.

Mgeni aliyeuliza habari za ndoto

Mlima huu umewahi kushuhudia mazungumzo ya namna hii. Mwezi Novemba mwaka 1925 daktari wa nafsi kutoka Uswisi, Carl Gustav Jung, alishuka Mombasa pamoja na wenzake, akapanda gari la moshi hadi Nairobi, na hatimaye akapiga hema katika miteremko ya Elgon, upande wa Kenya, karibu na watu aliowaita Waelgonyi. Baadaye aliuzunguka mlima akaingia Ugisu, akapita Mbale na Jinja, kisha akafuata mto Nile hadi Misri.

Jung alikuwa na fikira moja iliyomtawala. Aliamini kwamba ndani kabisa ya nafsi za wanadamu wote mna mifano ya awali ambayo hakuna mtu aliyeibuni: mama, mzee mwenye hekima, mtoto, shujaa, kivuli kinachomfuata mtu. Mifano hiyo aliiita kwa jina la Kiyunani arketipo. Sisi tutaiita violezo vya asili. Tumelichagua neno hili kwa kuwa kila mtu amepata kukiona kiolezo cha mshonaji. Kiolezo si nguo. Ni karatasi tupu yenye umbo, na haiwezi kumsitiri mtu baridi mpaka fundi aweke kitambaa juu yake, akate na kushona. Jung mwenyewe alisisitiza jambo hilo: kiolezo ni umbo tu, na kinachokijaza ni maisha ya mtu na ya watu wake.

Basi alipokaa mlimani aliitisha mashauri. Wazee walikuja, wakaketi, naye akawauliza maswali kwa Kiswahili cha kubahatisha, kamusi ndogo ikiwa mkononi. Aliwauliza juu ya ndoto zao. Wote wakakana: hawaoti. Baada ya siku kadhaa ndipo mganga mmoja mzee alipokiri, machozi yakimlengalenga, kwamba zamani waganga waliota, na kwa ndoto hizo walijua kama kuna vita au maradhi, kama mvua itanyesha, na wapi mifugo ipelekwe. Lakini tangu Wazungu waje hakuna aotaye tena. Ndoto hazihitajiwi, kwa kuwa Waingereza wanajua kila kitu.

Jung aliona katika machozi yale msiba wa watu waliopotewa na kiongozi wao wa ndani, na tunaamini kwamba aliona sawasawa. Lakini sisi walimu wa Kiswahili hatuna budi kuliona na jambo jingine ambalo yeye hakulitilia maanani. Kiswahili alichokitumia kuulizia ndoto kilikuwa Kiswahili cha njiani: lete, chukua, ngoja, haraka. Kilikuwa kimefika mlimani pamoja na karani wa kodi na askari, na mgeni mwenyewe alisafiri kwa idhini na ulinzi wa serikali ya kikoloni. Ni mzee gani atakayemfungulia mgeni wa namna hiyo mlango wa usingizi wake? Yamkini wazee wale waliota kila usiku, ila hawakuota kwa lugha ile, wala kwa ajili ya mtu yule.

Tena, Jung aliwahesabu wenyeji wake kama watu wa mwanzo wa dunia, ambao kwao angeweza kukiona kiolezo kabla hakijavikwa nguo. Hapo alikosea. Walikuwa watu wa karne ya 20 kama yeye, wenye kodi ya kulipa na mashaka ya ardhi. Hakuna mahali duniani ambapo kiolezo hutembea uchi. Kila mahali kimevaa kitambaa cha mahali pale, na mwenye kukitaka hana budi kukaa na mshonaji.

Alfajiri isiyo na maelezo

Hata hivyo kuna jambo moja aliloliona Jung mlimani ambalo lina faida kubwa kwetu. Kila alfajiri, jua linapochomoza, watu walitoka nje ya nyumba zao, wakaweka viganja mbele ya vinywa, wakavitemea mate au kuvipulizia kwa nguvu, kisha wakavigeuza na kuvielekeza juani. Aliwauliza maana yake. Hakuna aliyeweza kumweleza. Walisema tu kwamba ndivyo ilivyofanywa siku zote. Alipozidi kudadisi aliambiwa kwamba jua likiwa juu si Mungu. Ni wakati ule wa kuchomoza tu.

Jung akatafuta maana yeye mwenyewe. Alifikiri kwamba mate na pumzi ni nafsi ya mtu, na kwamba tendo lile ni sala isiyo na maneno, ambayo kwayo mtu humtolea Mungu uhai wake. Sisi tutumiao neno ‘roho’ hatuwezi kulipuuza wazo hilo. Neno letu limetoka katika Kiarabu, na katika Kiarabu neno la roho ni ndugu wa neno la upepo. Waebrania nao hutumia neno moja kwa upepo, pumzi na roho, na Wayunani vilevile. Hata mtoto wa shule husema ‘kukata roho’ kwa maana ya kuacha kupumua. Lugha zimelihifadhi jambo ambalo wasemaji wake hawalieleze.

Lakini swali letu ni hili: je, wale waliotoka nje alfajiri bila kujua kueleza walikuwa hawana maana, mpaka mgeni alipowapatia? Tunakataa. Mtu anayemsalimu mama yake asubuhi hangoji kujua asili ya salamu ndipo salamu yake iwe na maana. Maana ya ada imo katika kutendwa kwake, kwa wakati wake, na watu wanaohusika. Siri ya mtungi aijuaye kata, nayo kata haikuijua siri hiyo kwa kusomewa habari za mtungi. Imeijua kwa kuingia ndani.

Jirani zetu Wagisu hutupa mfano ulio wazi. Jando lao, imbalu, hufanyika katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na uzinduzi wake hufanywa Mutoto, karibu na Mbale. Siku hizi picha zake huonekana na watu wengi walio mbali, na yeyote aweza kumtazama kijana aliyesimama wima asipepese jicho mbele ya kisu. Atazamaye kwa mbali huona ushujaa, au huona maumivu. Haoni kwamba yule anayepiga kelele pembeni ni shangazi, na kwamba kijana anasimamishwa na macho ya watu atakaoishi nao mpaka kufa. Picha imeyachukua yote yaliyoonekana na kuyasikiwa, ila uhusiano wa watu haukuingia ndani yake.

Mazungumzo yaliyoingia vitabuni

Tusije tukadhani kwamba kunasa mazungumzo ni kazi bure. Wenzetu wengi wamepata hekima kwa njia hiyo, na yafaa tuwatazame wawili kwa haki.

Wa kwanza ni Mfaransa Marcel Griaule. Mwaka 1946, katika nchi ambayo leo ni Mali, mzee kipofu wa Kidogon aitwaye Ogotemmêli alimwita, akamfundisha kwa siku 33 habari za kuumbwa kwa ulimwengu, za neno, za ufumaji na za mtama. Griaule alichapisha mazungumzo hayo mwaka 1948, na wasomaji wengi wa Ulaya wakakiri kwa mara ya kwanza kwamba Mwafrika asiyejua kusoma aweza kuwa mwanafalsafa. Lakini mwaka 1991 mtaalamu wa Kiholanzi, Walter van Beek, aliyekaa muda mrefu na Wadogon, alitangaza kwamba mafundisho yale ya kuumbwa kwa ulimwengu hakuyakuta kwa watu aliowauliza. Mabishano yakawa makali. Wengine walisema Ogotemmêli alibuni; wengine walisema maswali ya Griaule ndiyo yaliyozaa majibu; wengine wakasema mzee alimwambia rafiki mambo asiyomwambia kila mtu.

Wa pili ni wa karibu zaidi. Henry Odera Oruka, wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kuanzia miaka ya 1970 aliwaendea wazee wa Kenya waliosifiwa na watu wao kwa busara, akawauliza juu ya Mungu, haki, kifo, usawa wa mwanamume na mwanamke. Matokeo yake aliyatoa katika kitabu mwaka 1990. Oruka alitofautisha wazee wa aina mbili: mwenye hekima anayejua kuyasimulia vizuri mawazo ya watu wake, na mwenye hekima anayeweza kusimama kando na kuyapima mawazo hayo, hata kuyapinga. Wakosoaji wakauliza: je, fikira zilizomo kitabuni ni za mzee, au ni za mwenye kuuliza?

Sisi twaona kwamba swali hilo, ambalo wengi hulichukua kuwa pingamizi, kwa kweli ni ufunguo. Katika mazungumzo ya kweli fikira haiwi ya mmoja peke yake. Mzee aliyeulizwa vizuri hufikiri jambo ambalo hajapata kulifikiri, na muulizaji hurudi kwake akiwa na swali tofauti na lile alilokwenda nalo. Maana huzaliwa hapo kati. Ndiyo sababu Ogotemmêli alisema kwa Griaule aliyoyasema, na wazee wa Elgon hawakuota kwa Jung.

Na hapa ndipo Plato, Myunani wa kale, anapotusaidia. Katika mazungumzo yake yaitwayo Phaedrus, ambayo habari yake kubwa ni mapenzi, alimfanya Socrates ayalaumu maandishi kwa makosa mawili. La kwanza, ukiyauliza hayajibu. Hurudia neno lile lile daima. La pili, yakishaandikwa hutembea kila mahali, yasijue ni nani wa kusema naye na ni nani wa kunyamaza mbele yake. Kweli, Plato aliyasema hayo kwa maandishi, na laiti asingeandika tusingeyajua. Lakini onyo lake lingali na nguvu, na leo lina nguvu kuliko siku alipoliandika. Bibi alijua wa kusema naye. Simu haijui.

Mama aliyeitisha wino

Wako watakaouliza: ikiwa maana hukaa baina ya watu wawili, mbona mashairi ya kale yangali yakitugusa, ilhali watunzi wake na walioambiwa wamekwisha kuwa udongo? Swali hili ni la haki, na jibu lake lilitufungua macho.

Walimu wote wanaufahamu utenzi wa Mwana Kupona binti Msham wa Pate, uliotungwa karibu na mwaka 1858. Ni mazungumzo yaliyoandikwa. Mama ni mgonjwa. Anamwita binti yake aje akae karibu, tena aje na wino na karatasi, kwa kuwa ana maneno ya kumpa. Tunaweza kubishana na baadhi ya mafundisho yake kuhusu mke na mume, na darasani kwetu hubishaniwa kila mwaka, wasichana wakiwa mbele. Lakini hakuna aliyepata kubisha kwamba sauti ile ni ya mapenzi. Kiolezo cha asili kimo ndani yake, mama anayeaga na mtoto anayebaki, nacho kimevikwa nguo ya Pate: udi, heshima, jina la Mungu, mizani ya tenzi. Mtu wa Mbale au wa Bujumbura huitambua mara moja, kwa sababu naye ana mama.

Sasa na tutazame jambo ambalo tumelifundisha miaka yote bila kulitia moyoni. Mwana Kupona ndiye aliyeitisha wino. Na karibu na mwisho wa utenzi anawageukia watu wengine, anawaalika wausome na kuuelewa. Maneno yalikuwa ya mtoto mmoja. Mwenye maneno akawafungulia wote mlango. Tunaposoma leo hatuchungulii dirishani. Tumekaribishwa.

Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yalikuwa na safari nyingine. Hayakuchapishwa wakati wa uhai wake. Yalikaa vichwani mwa watu, Mwalimu Sikujua akayakusanya kwa ajili ya Mwingereza W. E. Taylor, na mwaka 1940, miaka 100 baada ya kifo cha mshairi, William Hichens akayatoa kitabuni. Hatujui kama Muyaka aliitisha wino. Lakini mengi ya mashairi yake yalikuwa ya hadhara, ya kujibizana, ya kuwachoma maadui wa mji wake na kuwatia moyo watu wake. Yalikuwa mali ya baraza tangu siku yaliposemwa. Aliyeyaandika hakuvunja mlango wa mtu.

Basi tumepata mafungu matatu. Yako maneno yaliyosemwa mbele ya wote, nayo ni ya wote. Yako yaliyosemwa kwa mmoja, kisha mwenyewe akayafungua. Na yako yaliyosemwa kwa mmoja, mwenyewe akayafunga. Ya bibi yalikuwa ya fungu la tatu.

Hoja ya mwenzetu

Hapo tulidhani tumemaliza, lakini mwalimu mmoja miongoni mwetu, mtu wa makamo ambaye lugha ya kwao imebakiwa na wasemaji wachache, alisimama akatupinga kwa maneno mazito. Alisema: “Mnazungumza kama watu wenye akiba. Kwetu mzee mmoja akifa, hufa na maneno ambayo hakuna mwingine ayajuaye. Laiti mjukuu mmoja angemdanganya bibi yangu kama huyu kijana, leo ningekuwa na maneno ya kumbariki mwanangu. Sasa ninambariki kwa maneno ya kuazima. Ninyi mnailinda heshima ya aliyekufa. Mimi nawafikiria watakaozaliwa.”

Hoja hii haitaki kujibiwa kwa haraka. Ni kweli kwamba mengi ya zamani tunayo leo kwa sababu mtu fulani hakujali sana ruhusa. Ni kweli pia kwamba aliyefariki haumizwi na sikio la darasa. Watu husikiliza sauti za waliokufa kila siku. Mazungumzo ya Joseph Campbell na Bill Moyers juu ya visasili na safari ya shujaa yalitangazwa katika televisheni ya Marekani mwaka 1988, ilhali Campbell alifariki mwaka 1987. Na waliomsikia walishukuru. Lakini Campbell aliketi mbele ya kamera akijua kwamba ni kamera.

Jibu letu kwa mwenzetu ni kwamba baraka ni tendo, si habari. Ukiyachukua maneno ya baraka kwa hila umepata sauti yake, lakini je, umebarikiwa? Anayebariki hutoa, hakuna awezaye kutoa kitu alichonyang’anywa. Mwenzetu alitusikiliza, kisha akasema, “Bibi alimbariki kijana kweli. Alimwekea mkono. Hakujua tu kwamba na simu imo.” Tukanyamaza, kwa kuwa alisema kweli.

Tulivyofanya

Mwishowe tulitambua kwamba tumebishana muhula mzima juu ya mali ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeirithi. Tukaenda pamoja na kijana kwa mama yake, ambaye ndiye binti wa marehemu. Tulimwamkia, tukapewa viti na chai, tukamweleza. Kijana mwenyewe ndiye aliyemwambia alivyofanya, sisi hatukumsemea. Mama akaomba asikilize peke yake. Akaingia ndani na simu, nasi tukabaki uani.

Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Alisema kwamba maneno yale anayajua. Aliambiwa siku alipotoka nyumbani kwenda kuolewa, na alikuwa akiyaweka ili amwambie huyu mwanawe siku yake itakapofika. Hakukasirishwa na kuyasikia. Kilichomchoma, alisema, ni ile sauti ya mwanawe ikisema, “Nimekizima, bibi.” Kisha akatuambia, “Msifute. Niachieni mimi.”

Ndivyo ilivyokuwa. Darasa lilisikia mazungumzo mpaka pale bibi aliponyamaza. Hapo kijana akasimama mbele ya wenzake, akaeleza kwa nini hapana kinachofuata. Hatukumlazimisha kufanya hivyo. Katika miaka yote ya kazi hii hatujapata kusikia darasa limetulia kama siku ile. Tulitambua kwamba wanafunzi wamefahamu jambo ambalo sisi tulikuwa tukilitafuta kwa Jung na kwa Plato: kwamba kunyamaza kwa bibi kulikuwa na maana nyingi kama maneno yake, na kwamba mtu aweza kuipokea maana hiyo bila kuyasikia maneno.

Mwenzetu aliyetupinga angali hajaridhika. Anauliza: na kama mama angekuwa amekufa kabla ya bibi, mngempelekea nani? Hatuna jibu kamili. Pengine tungemwachia kijana mwenyewe, akae na sauti ile na uongo wake pamoja, mpaka siku atakapokuwa mzee wa nyumba na kujua la kufanya. Pengine hilo lingekuwa zito mno kwa kijana. Tunakiri kwamba tuliokolewa na uhai wa mama.

Kazi ya likizo hatukuiacha, bali tumeibadili. Sasa mwanafunzi humweleza mzee tangu mwanzo kwamba sauti yake itasikiwa na nani. Mzee akisema zima, chombo huzimwa mbele ya macho yake na kuwekwa mbali. Na baada ya kutafsiri, mwanafunzi hurudi kwa mzee na kumsomea, ili aseme lipi libaki na lipi litoke. Wanafunzi wamelalamika kwamba kazi imekuwa ndefu, na kweli imekuwa ndefu. Lakini tumegundua kwamba katika safari ile ya pili, ya kurudi, ndipo wazee wengi husema mambo makubwa zaidi, kwa kuwa wameona kwamba maneno yao yalitunzwa. Mwanafunzi aliyekwenda kunasa sauti hujikuta amekuwa mjukuu tena.

Tunaamini kwamba hili ni funzo kwa lugha yetu pia. Kiswahili kilipofika mlimani kilikuja na amri, na katika Uganda wengi walikichukia kwa sababu hiyo kwa miaka mingi. Katiba yetu ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini karatasi ya sheria haiwezi kukipatia mapenzi ya watu. Mapenzi hayo yatapatikana pale mzee atakapoona kwamba Kiswahili kimemjia nyumbani kama mgeni mwenye adabu, kinachobisha hodi, kikangoja, na kikiambiwa ‘basi’ hukubali.

Tungependa kusikia kutoka kwa walimu wenzetu wa nchi jirani wanaofanya kazi kama hii. Hasa tungependa kumsikia yule atakayeweza kumjibu mwenzetu wa lugha inayokufa, kwa kuwa sisi tumejaribu, na bado kila tunapokutana naye asubuhi katika chumba cha walimu tunahisi kwamba tuna deni kwake.